Nani Hulipia Tiketi ya Harusi ya Dini Mbili?

"Mama, maelezo yote nimeyaelewa. Sasa nionyeshe ni wapi filamu ya namna hii iliwahi kurudisha pesa ya mtu."

Aliyesema maneno hayo ni mfanyabiashara wa mafuta ya alizeti, mzee mwenye heshima zake, na tulikuwa tumeketi naye kwenye mgahawa mmoja jirani na Nyerere Square hapa Dodoma. Mbele yake ilikuwapo bajeti niliyoiandaa mimi, kwa kuwa kazi yangu ni hesabu, na pembeni yangu aliketi kijana aliyeandika mswada wa filamu yenyewe. Ni filamu ya mapenzi na vichekesho: binti wa Kirangi kutoka Kondoa, mtoto wa mwalimu wa madrasa, anapendana na kijana wa Kigogo kutoka Mvumi ambaye baba yake ni mwinjilisti wa Kanisa Anglikana. Mzee alikuwa amecheka sana kijana alipomsimulia siku ya posa, hasa pale wajomba wa pande zote mbili wanapobembelezana kwa adabu iliyopita kiasi juu ya nani atakayeshika kisu cha kuchinjia mbuzi, kila upande ukiwa umekwisha kulijua jibu na kila upande ukiona vigumu kulitamka. Kisha akajifuta macho, akavaa miwani, akafunua ukurasa wa makadirio ya mapato, na hapo ndipo alipouliza.

"Mzee wangu," nikamwambia, "nipe nafasi nikuletee jibu lenye tarakimu."

Akakubali, akalipia chai, akaondoka.

Swali lake halikuniacha. Nilikwenda nalo kazini, nikarudi nalo nyumbani, na nikawa nalifikiria hata nilipokuwa nafunga vitabu vya wateja wengine. Hakuuliza kama filamu itakuwa nzuri, wala kama mada yake inafaa. Aliuliza ni nani atakayetoa pesa mfukoni ili aketi gizani awatazame Mwislamu na Mkristo wakipendana huku wazee wao wakihangaika. Ni swali la haki kabisa, na kadiri nilivyolifuatilia ndivyo nilivyoona kwamba tarakimu zinajibu sehemu yake tu.

## Pesa inayochelewa

Nilianzia Marekani, kwa sababu huko mapato ya tiketi hutangazwa waziwazi kila wiki na mtu yeyote anaweza kuyafuatilia.

Filamu iliyonishika ni *My Big Fat Greek Wedding*. Ilianza kuonyeshwa tarehe 19 Aprili 2002 katika kumbi 108 tu, na kufikia Jumapili ya mwisho wa wiki hiyo ilikuwa imekusanya chini ya dola 600,000, ilhali gharama ya kuitengeneza ilikuwa kama dola milioni 5. Mhasibu yeyote ambaye angeletewa hesabu hiyo Jumatatu asubuhi angeanza kufikiria namna ya kuripoti hasara. Lakini filamu haikuondoka ukumbini. Ilikaa mwezi hadi mwezi, kumbi zikiongezeka badala ya kupungua, hadi ikauza tiketi za zaidi ya dola milioni 241 Marekani ya Kaskazini peke yake, na karibu dola milioni 368 duniani kote. Katika muda wote huo haikuwahi hata wiki moja kushika nafasi ya kwanza katika orodha ya mapato.

Filamu nyingi kubwa huvuna sehemu kubwa ya pesa zake katika wiki mbili tatu za mwanzo, kisha zinaisha. Hii ilivuna kiasi cha mara mia nne ya mapato ya mwisho wa wiki wake wa kwanza.

Kisa chenyewe wengi wanakijua: binti wa familia ya Kigiriki ya dhehebu la Othodoksi anataka kuolewa na mwanamume wa nje, na mwanamume huyo anakubali kubatizwa akiwa mtu mzima ili harusi ifungwe katika kanisa la upande wa mke. Nitaurudia ubatizo huo baadaye, kwa sababu ndani yake mna jambo lililonisumbua kuliko tarakimu zote.

Kwanza nilitaka kuelewa sababu ya pesa kuchelewa. Maoni yangu ni kwamba watu ambao filamu ya aina hii inawahusu zaidi ndio wasiothubutu kwenda siku ya kwanza. Mama anayependa kanisa lake, au baba anayeuheshimu msikiti wake, akisikia kwamba kuna vichekesho kuhusu ndoa ya dini mbili, jambo la kwanza analohofia ni kutukanwa. Husubiri. Husubiri hadi atokee mtu anayemwamini, shoga yake wa saluni, wifi yake, mwenzake wa kwaya au jirani anayeswali naye, amwambie kwamba ameiona, amecheka, na hakuna lililovunjiwa heshima. Hapo ndipo anapokwenda, na akienda haendi peke yake. Tangazo la redio haliwezi kumpa mtu dhamana ya namna hiyo, kwa sababu tangazo halina jina lake wala halimjui mama yake.

Nilipotazama *The Big Sick* ya mwaka 2017, ambayo ni kisa cha kijana wa familia ya Kiislamu yenye asili ya Pakistan na msichana Mmarekani mweupe, niliona mwendo unaofanana na huo. Ilianza katika kumbi 5, kila ukumbi ukaingiza kwa wastani zaidi ya dola 84,000, kisha ikapanuliwa hatua kwa hatua hadi ikafikisha karibu dola milioni 43 Marekani na kama milioni 56 duniani. Nayo iligharimu kama dola milioni 5.

Tofauti na hizo ni *Keeping the Faith* ya mwaka 2000, kuhusu padri, rabi wa dini ya Kiyahudi na mwanamke ambaye wote wawili walimfahamu tangu utotoni. Hii iliigharimu studio karibu dola milioni 29, ikafunguliwa katika kumbi nyingi kwa mpigo, na duniani kote ikaingiza karibu milioni 60. Kwa asiye mhasibu, hayo ni mapato maradufu ya gharama. Kwa anayejua biashara hii, mwenye ukumbi huondoka na takribani nusu ya kila tiketi, na kinachobaki hulipia kwanza matangazo na usambazaji, kwa hiyo faida hapo ni ya kutafutwa kwa tochi.

Kuna jambo jingine ambalo sikuweza kulipita. Baada ya filamu ile ya harusi ya Kigiriki kuvunja matarajio yote, baadhi ya walioitengeneza walifika mahakamani wakidai sehemu ya faida, kwa sababu vitabu vya hesabu walivyoonyeshwa vilidai kwamba filamu ilipata hasara. Nimelisoma hilo kwa uchungu wa mtu wa fani. Mapato ya tiketi ni namba ya hadharani, lakini njia kati ya dirisha la tiketi na mfuko wa mtengenezaji ni ndefu na ina milango mingi.

## Ufaransa wanahesabu vichwa

Wafaransa wana desturi ninayoipenda: wakitaka kujua filamu imefanikiwa kiasi gani, hutaja kwanza idadi ya tiketi, pesa baadaye. Tiketi moja, mtu mmoja aliyeketi.

Mwaka 2014 walitoa *Qu'est-ce qu'on a fait au Bon Dieu?*, kuhusu wazazi Wakatoliki wa tabaka la juu ambao mabinti zao watatu wameolewa na Mwislamu, Myahudi na Mchina, na sasa wanasali usiku na mchana ili binti wa nne aolewe na Mkatoliki. Ilianza kuonyeshwa mwezi Aprili na ikawa filamu iliyotazamwa kuliko zote nchini humo mwaka ule, kwa tiketi zaidi ya milioni 12. Nilijaribu kuifikiria idadi hiyo kwa macho ya hapa kwetu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 3,085,625 katika mkoa mzima wa Dodoma. Kwa hiyo ni kana kwamba kila mtu wa mkoa huu, kuanzia mtoto mchanga wa Mpwapwa hadi bibi kizee wa Bahi, ameingia ukumbini karibu mara nne.

Hapo nilifurahi, nikataka kumpigia mzee simu.

Lakini niliitazama filamu tena kwa utulivu, na furaha ikapungua. Sala za wazazi wale zinajibiwa: binti wa nne analeta Mkatoliki. Tatizo ni kwamba Mkatoliki huyo ni mtu mweusi kutoka Côte d'Ivoire. Kuanzia hapo dini inakwenda pembeni na kinachobeba filamu ni rangi ya ngozi na kiburi cha baba wawili, wa Ufaransa na wa Afrika, ambao wanachukiana kwa sababu zilezile na kwa hiyo wanapatana. Wakwe watatu wa mwanzo wanataniana kwa maneno makali kuhusu asili zao, na ukumbi unacheka. Nilijiuliza kama tiketi zile milioni 12 zilinunuliwa na watu waliotaka kuona familia ikipatana, au na watu waliofurahi kusikia yakisemwa kwa sauti yale wanayoyanong'ona nyumbani. Sidhani kama namba inaweza kututofautishia hao. Sehemu ya pili ilipotoka mwaka 2019 watazamaji walipungua hadi takribani milioni 7, na ya tatu ya mwaka 2022 ikashuka tena sana. Dhana yangu ni kwamba kicheko cha kusikia yasiyosemwa hukoma yakishasemwa.

Mama yangu mzazi, niliyemwona akicheka kwa sinema za Kihindi tangu nikiwa mdogo, alinikumbusha *Bobby* ya mwaka 1973. Mwongozaji wake, Raj Kapoor, alikuwa ameelemewa na madeni baada ya filamu yake ya mwaka 1970 kuanguka, hakuwa na uwezo wa kumlipa nyota mkubwa, akamweka mwanawe Rishi pamoja na msichana mgeni kabisa, Dimple Kapadia, katika kisa cha kijana wa Kihindu na binti Mkatoliki wa Kigoa. Ikaongoza kwa mapato India mwaka ule. Hata hivyo ukiitazama vizuri, wazazi wanagombania utajiri na umaskini kuliko wanavyogombania msalaba na hekalu.

Filamu hizo mbili zilizouza sana huko kwao zimeipitia dini pembeni. Hilo lilinikaa kooni.

## "Nani kabadili?"

Ninaye rafiki wa miaka mingi, Mkristo, aliyeolewa na Mwislamu kwa ndoa ya serikali, ile tunayoiita ya bomani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inairuhusu ndoa hiyo, na ina utaratibu wake: watu wanaotaka kuoana hutoa taarifa siku 21 kabla, taarifa hutangazwa, na mwenye pingamizi ana nafasi ya kulitoa. Aliwahi kunisimulia jinsi karatasi yao ilivyobandikwa kwenye ubao wa matangazo, katikati ya tangazo la mnada na orodha ya walioitwa kwenye usaili, na jinsi shangazi wa mumewe, ambaye hakuwahi kufika ofisi ile kwa shida yoyote, alivyoanza kupata shughuli za kumpeleka huko kila wiki. Hakutoa pingamizi. Alikuwa akisimama mbele ya ubao, anasoma, anashusha pumzi, anaondoka.

Nilipomweleza kisa cha kijana wetu, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Nani kabadili?"

Nikamwambia kwamba katika mswada hakuna anayebadili dini.

Alinyamaza kidogo. "Basi, dada, watu watawasubiri mpaka mwisho wa filamu wakitaka kujua ni nani aliyeshinda, na msipowaambia watatoka na hasira."

Maneno hayo ndiyo yaliyogeuza fikra zangu. Nilizirudia filamu zote nilizokwisha kuzichambua na kuzitazama upya kwa swali lake. Katika ile ya Kigiriki, mwanamume anabatizwa. Katika *Keeping the Faith*, inabainika mwishoni kwamba mwanamke amekuwa akijifunza kwa siri ili aingie dini ya rabi. Katika *The Big Sick* hakuna anayebadili, kijana anakiri mbele ya wazazi wake kwamba haswali, na uchungu wa mama yake haumaliziki pamoja na filamu. Nayo ndiyo ninayoiona ya kweli kuliko zote, ingawa pesa zake, japo nzuri kwa gharama yake, ni sehemu ndogo ya zile za harusi ya Kigiriki.

Mifano michache haitoshi kuwa kanuni, na mimi kwa kazi yangu siwezi kuiandika kama kanuni. Kuna umaarufu wa waigizaji, kuna msimu, kuna bahati. Hata hivyo inaniingia akilini kwamba mtazamaji anayelipa tiketi anapenda afunguliwe fundo, na njia nyepesi ya kulifungua fundo la dini mbili ni kuifanya moja iondoke. Harusi inakuwa moja, sala inakuwa moja, na watu wanarudi nyumbani wakiwa wametulia. Mhasibu aliyemo ndani yangu angemshauri kijana ambadilishe mmoja wao.

Lakini nani?

Akimsilimisha kijana wa Mvumi, Mvumi hawatakuja. Akimbatiza binti, Kondoa watafunga milango. Huko Marekani na Ufaransa mwandishi anaweza kuchagua upande kwa sababu upande mmoja ni mkubwa kwa wazi na mwingine ni mdogo. Kwetu hakuna ajuaye kwa namba: swali la dini halijaulizwa katika sensa ya taifa hili tangu ile ya mwaka 1967, na wapo waliolilalamikia jambo hilo kwa nguvu sensa ya mwaka 2012 ilipokaribia. Nilipoanza makadirio yangu nilitamani kujua soko limegawanyika vipi. Sasa naona afadhali. Kama ningekuwa na tarakimu hizo mbele yangu, kishawishi cha kuandika mwisho wa filamu kwa kikokotoo kingekuwa kikubwa mno.

## Bakuli la mlangoni

Nikarudi kwenye upande ambao vitabu vya Marekani haviwezi kunisaidia, yaani mahali ambapo watu wa hapa hutazamia filamu.

Kule Chang'ombe niliketi jioni moja katika kibanda umiza kinachojulikana zaidi kwa mechi za Ulaya. Kuta za mabati, mabenchi ya mbao yaliyolainishwa na suruali za watu, televisheni mbili juu ya stuli, na spika iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Mlangoni alikaa kijana mwenye bakuli la plastiki la bluu. Kila aingiaye anadondosha sarafu ya mia tano, na asiye na chenji anaambiwa aingie tu, atalipa akitoka. Filamu ya mapigano ya Kikorea ilikuwa inaendelea huku sauti ya mtafsiri ikiisimulia kwa Kiswahili, akiongeza utani wake na kuwapa wahusika majina ya mitaa ya Dar es Salaam. Watu wanakuja kumsikiliza yeye kama wanavyokuja kuitazama picha. Nilimuuliza mwenye kibanda kama anaandika mahali popote idadi ya walioingia. Akanionyesha daftari, na ndani yake mlikuwa na jumla ya pesa ya kila siku, bila jina la filamu hata moja.

Pesa ipo. Watazamaji wapo. Kinachokosekana ni uzi wa kuunganisha shilingi ile na mtu aliyetengeneza kazi.

Hatua chache kutoka hapo kuna duka la kuingiza nyimbo na muvi kwenye flashi. Unatoa flashi yako, unachagua kwenye orodha, unalipa kidogo, unakwenda kutazama nyumbani. Hapo ndipo nilipoona kwamba kile nilichokifurahia katika harusi ya Kigiriki kinaweza kutuangamiza sisi. Mfano wote wa pesa inayochelewa unategemea muda: mtu aambiwe na mwenzake, asubiri wiki, aende wiki ya tatu na akute filamu bado ipo kwenye ukumbi uleule. Hapa, mtu akishaambiwa na mwenzake kwamba kuna filamu nzuri ya Mrangi na Mgogo, atauliza, "Unayo kwenye flashi?" Sifa ileile inayojaza kumbi za wenzetu inajaza flashi zetu, na mtengenezaji hapati hata senti. Kizazi cha Bongo Movie kilichouza kwa kanda na diski kiliyaonja hayo, na wengi waliishia kuuza haki zote za kazi yao kwa msambazaji kwa malipo ya mara moja, kwa kuwa hawakuwa na njia ya kulinda mauzo ya mwezi wa pili.

Kwa kitambo nilifikiri kwamba jibu la mzee lingekuwa hapana.

## Kisu cha mbuzi

Kilichonitoa hapo ni kicheko chake yeye mwenyewe. Nilijiuliza ni kwa nini alicheka hasa kwenye tukio la kisu.

Mtu yeyote aliyewahi kuandaa shughuli hapa kwetu anajua: hata mwenye shughuli akiwa Mkristo, humtafuta Mwislamu achinje, ili kila mgeni ale bila wasiwasi. Ni jambo tunalolifanya kila mara na hatulizungumzii. Katika mswada, mjomba wa Mvumi ameshamwita mchinjaji Mwislamu tangu alfajiri na amemficha nyuma ya ghala la mtama ili wageni wasidhani kwamba anajipendekeza. Mjomba wa Kondoa naye, kwa kutotaka kuwaaibisha wenyeji, amekuja na kisu chake ndani ya kanzu na amekwisha kuwaonya watu wake kwamba wakiona hakuna mchinjaji wale mlenda na ugali wa uwele tu, na waseme ndio wanaoupenda. Pande zote mbili zinateseka kwa wema. Hakuna anayedharauliwa, na sijda na ushirika mtakatifu havijaguswa.

Utani wa makabila tumeurithi pamoja na mipaka yake. Mtani anaweza kulizuia jeneza msibani hadi apewe chochote, na wafiwa wakacheka katikati ya kilio, kwa sababu kila mmoja anajua mahali pa kusimama. Utani wa dini hauna mipaka ya namna hiyo iliyokubaliwa, na ndiyo maana tunauogopa, na Bodi ya Filamu nayo, ambayo lazima iikague filamu kabla haijaonyeshwa hadharani, italitazama jambo hilo kwa makini. Kijana huyu ameupata mpaka mmoja. Kicheko chake kinaangukia juu ya juhudi za watu za kutoumizana, na juhudi hizo kila familia yenye ndugu wa dini mbili inazifahamu kwa undani, kuanzia sufuria inayotengwa hadi mvinyo wa zabibu unaohamishiwa chumbani mgeni anapobisha hodi.

Kicheko cha aina hiyo, nilivyoona mezani siku ile, kinamfanya mtu amtafute mwenzake kwa macho. Mzee alipocheka alimtazama kijana, kisha akanitazama mimi, kana kwamba anauliza kama kwetu pia iko hivyo. Ukiitazama peke yako kwenye simu kitandani, utatabasamu. Ukiitazama ukiwa umeketi kati ya mama mkwe na wifi, utalia kwa kucheka, na njiani kurudi nyumbani mtasemeshana mambo ambayo hayajawahi kusemwa. Flashi inaweza kuiba picha na sauti, lakini haiwezi kumletea mtu mama mkwe wake kwenye benchi lilelile.

## Makadirio

Kwa hiyo nimeyaandika upya makadirio ya mapato. Nimefuta mstari wa uzinduzi mkubwa wenye zulia jekundu, ambao ulikuwa unakula sehemu nzito ya bajeti kwa ajili ya usiku mmoja. Filamu itaanza Kondoa mjini na Mvumi, katika kumbi za kukodi, kwa projekta, na kwa mkataba ulioandikwa na kila mwenye ukumbi unaosema anachukua sehemu gani ya kila tiketi. Itarudi sehemu zilezile baada ya majuma kadhaa, kabla ya kuja Dodoma mjini na kwenda Singida, ili aliyesubiri kuambiwa apate pa kwenda. Tiketi zitauzwa kwa kundi zaidi ya mtu mmoja mmoja: familia, vikundi vya vikoba, wafanyakazi wa ofisi moja. Kila tiketi itakuwa na namba na kishina, na kila ukumbi utakuwa na daftari lenye jina la filamu. Nakala itasafiri na mtu mmoja anayejulikana na haitaachwa popote usiku. Ikishavuja, na ninaamini siku moja itavuja, mapato ya ukumbini yatakuwa yameshapata muda wake.

Gharama nimezikata hadi mahali ambapo mzee anaweza kurudishiwa mtaji wake hata kumbi zikijaa nusu. *Keeping the Faith* na harusi ya Kigiriki zimenifundisha kwamba filamu ya aina hii haiangushwi na uchache wa watazamaji peke yake. Huangushwa na bajeti isiyoweza kuwasubiri.

Kubadili dini ndiko kulikobaki. Kijana aliniuliza moja kwa moja kama kibiashara abadili mwisho wake, ambapo harusi inafungwa bomani na kila mmoja anabaki na dini yake, wazazi wote wanne wakiwa wamehudhuria na mmoja wao akiwa bado hajaridhika. Nilimweleza aliyoyasema rafiki yangu, na nikamweleza pia kwamba mwisho wenye mshindi pengine ungeuza zaidi katika mji mmoja na kuuza sifuri katika mwingine. Kisha nikamwambia aubakize kama ulivyo. Rafiki yangu ameishi katika ndoa hiyo miaka yote hii bila mshindi, na watoto wake wanakula Idi na Krismasi, na shangazi yule wa ubao wa matangazo ndiye anayewalea wanapokwenda kazini. Anastahili kuiona ndoa yake ukumbini bila kuambiwa kwamba ilipaswa kuisha vingine.

Katika safu ya makadirio ya juu nimeweka kiasi kidogo kuliko kile cha mwanzo, na chini yake nimemwandikia mzee sababu: baadhi ya watazamaji watatoka wakiwa na hasira, na hao hawatawaambia wenzao waje.